Waraka kwa Chifu Wetu, Mpenda Amani

Kwako Mheshimiwa Chifu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, ikiwa ni ofisini au chini ya mgunga, kwa maana siku hizi hatujui tukutafute wapi kwanza.  

Nimeishika kalamu kwa haya. Si desturi kwa mwanamke wa umri wangu, muuguzi mstaafu anayechunga mbuzi wake wachache, kumkumbusha mtumishi wa serikali maneno aliyoyatamka kwa kinywa chake. Nimetiwa moyo na jambo moja tu, kwamba kumbukumbu yako ni njema mno. Hadi leo unawajua kwa majina wote ambao hawakuchangia harambee ya paa la ofisi yako. Basi ahadi zako mwenyewe zitakupotea vipi?

Kwanza nikupongeze kwa utulivu wa lokesheni yetu. Tunasikia kwamba taarifa unazowapelekea wakubwa zinasema kesi za watoto kunajisiwa zimepungua. Nami nathibitisha. Katika kituo cha polisi hazifiki kabisa. Ukiyasoma madaftari ya kule utadhani Isiolo imeshushiwa malaika.

Unaikumbuka, bila shaka, baraza ya Januari 2021, shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote baada ya korona. Ulivua kofia ukaiweka juu ya meza, tukajua neno zito linakuja. Ulisema msichana asiyeonekana darasani utamfuata hadi malishoni, awe ameozwa, awe amekeketwa, awe amebeba mimba. Ukaongeza kwamba mlango wako uko wazi usiku na mchana. Hilo la mlango umelitimiza kikamilifu. Kitasa kilivunjika mwaka uleule na hakijatengenezwa. Wasichana uliosema utawafuata, baadhi yao nawaona sokoni wakiwa na watoto mgongoni. Hukuwa na haja ya kwenda mbali hivyo.

Unakumbuka pia Novemba 2019, Rais wa wakati ule alipotamka katika mkutano mkubwa wa kimataifa jijini Nairobi kwamba Kenya itakomesha ukeketaji kufikia 2022. Ulituita ukatusomea habari hiyo kwa sauti ya kuhutubia, ukapiga makofi kuliko sote. Mwaka 2022 ulifika ukapita. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka huohuo ulikuta asilimia 15 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, kutoka asilimia 21 mwaka 2014. Nchi imesogea, tuseme ukweli. Ila wastani wa taifa unawachanganya mabinti wa Kisumu na wa kwetu, nasi wa kwetu tunajuana. Tangu makofi yale sijakusikia ukiitaja tarehe mpya. Huenda hukutaka kutuchosha.

Sasa niingie katika lililonileta, nalo ni maslaha, yale mapatano ya wazee kwa mila.

Mimi siidharau maslaha. Ilituokoa damu nyingi enzi za wizi wa mifugo, na wazee waliokesha wakizipatanisha koo nawaombea Mungu awalipe. Na wewe ni bingwa wa kazi hiyo. Hapana aliye na subira kama yako. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akivamiwa njiani akitoka kuchota maji, baba yake hukimbilia kwako kabla ya kwenda polisi, nawe humpoza kwa maneno ya hekima: tusiharakishe, tusije tukavunja undugu. Kikao cha kwanza hakifanyiki kwa kuwa mjomba yuko Merti. Cha pili kinafanyika nusu, kwa kuwa miraa ya kutoka Maua imechelewa na wazee hawawezi kufikiri bila hiyo. Cha tatu upande wa mtuhumiwa unaomba muda wa kupeleka ng'ombe sokoni. Wiki inakatika. Amani inadumu.

Nilifanya kazi wodini miaka mingi, basi niruhusu nikueleze jambo ambalo pengine hukuelezwa ulipopewa sare. Aliyenajisiwa huanzishiwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na dawa hizo hazina maana zikianzwa baada ya saa 72. Kila saa inayopita kabla ya hapo inazipunguzia nguvu. Vidonge vya kuzuia mimba vina siku tano tu, navyo vinafaa zaidi vikimezwa mapema. Ushahidi wa mwilini na kwenye nguo, ambao daktari angeuandika katika fomu ya P3, huondoka na maji ya kuoga. Na mama mtu, kwa utiifu wake kwako, kwa kuwa ulisema tusizue kelele, ameshamwogesha mtoto na nguo ameshazifua. Hivyo kikao kinapoiva, virusi vimeshapata makao, mimba imeshashika na ushahidi umekwenda na mtaro. Ndipo mwenyekiti anapouliza, kwa busara ile tunayoijua, kama kuna yeyote mwenye ushahidi.

Kisha hesabu hufuata. Ngamia mmoja, au ng'ombe kadhaa, au mbuzi, kulingana na uwezo wa upande wa pili na ukali wa baba. Wanyama huswagwa hadi zizi la baba. Mmoja huchinjwa kwa ajili ya wapatanishi, na sina nia ya kuuliza paja lilikwenda kwa nani. Sijapata kusikia hata mbuzi mmoja aliyekabidhiwa binti mwenyewe. Yeye kikaoni hayupo. Wanasema ni mtoto, haya si mambo ya watoto. Na mbuzi wasipopatikana, wazee hupata ufumbuzi nafuu kuliko wote, yaani wamwoze kwa yuleyule aliyemharibu, mahari ilipwe polepole. Hapo kila mtu hushukuru Mungu, isipokuwa mmoja.

Nakumbuka umewahi kutueleza, kwa unyenyekevu wa mtu aliyesoma, kwamba sheria yenyewe inaruhusu mapatano. Ulitupa mfano wa mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipokubali kesi ya mauaji iondolewe kwa sababu familia mbili zilikuwa zimelipana ngamia na mbuzi kwa mila. Mfano ni wa kweli. Nashangaa tu kwamba mwaka uleule, mwezi uleule wa Mei, Mahakama Kuu ya hapo Meru, mwendo wa saa moja kutoka mezani pako, ilitoa hukumu nyingine ambayo hukuitaja. Kundi la wasichana walionajisiwa liliwashtaki polisi kwa kutochunguza malalamiko yao. Jaji Makau akaamua kwamba uzembe ule ulivunja haki zao za kikatiba, akaamuru kesi zichunguzwe ipasavyo. Wanasheria wameitaja hukumu hiyo hadi nje ya bara hili. Labda kwa kuja Isiolo ilipanda gari bovu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 159, inawataka majaji wakuze njia za kimila za kusuluhisha migogoro. Sehemu hiyo umeihifadhi moyoni. Mistari inayofuata, inayosema njia hizo zisitumike kwa namna inayokiuka Sheria ya Haki, naona ukurasa wako ulichanika papo hapo. Na Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 haina hata haja ya kufasiriwa. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka ya makosa haya ni wa Mwanasheria Mkuu, kazi ambayo sasa iko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Nilikisoma kwa miwani nikitafuta neno "chifu". Nikatafuta "wazee". Nikatafuta hata "ngamia".

Sheria hiyo ililetwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa na sasa jaji wa Mahakama ya Juu. Katika mjadala wake mbunge mmoja mwanamume alisimama akadai kwamba wanawake wa Kiafrika husema la wakiwa wanataka, na wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Yule bwana nampa heshima yake kwa jambo moja: alilisema mchana, mbele ya wanahabari, na jina lake likaandikwa. Wengine husema hayohayo chini ya mti, kisha wakafunga kwa dua.

Nikija kwenye utamaduni, ambao wewe ni mlinzi wake mashuhuri, naomba unisaidie kuelewa. Sisi wa nyanda za Waso, huku Isiolo, tulikuwa na jarsa dedha, wazee wa malisho. Wao ndio waliogawa nyanda, hapa pa masika, pale pa kiangazi, na aliyeingiza ng'ombe wake katika malisho ya kiangazi kabla ya wakati alitozwa faini bila kujali ni mwana wa nani. Hakuambiwa tusivunje undugu. Hakungojewa mjomba. Nyasi zilikuwa na watetezi. Utamaduni huo umeachwa ukafa, mtu akiwa na bunduki na jamaa ofisini analisha apendapo, na kiangazi kile cha misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha tulikiona kila mtu na lake. Kwa huo sijakusikia ukiitisha baraza. Utamaduni uliobaki kulindwa kwa nguvu zote ni ule unaoishia katikati ya miguu ya mtoto wa kike. Samahani kwa lugha ya wodini.

Na kiangazi kile, utakumbuka, ndicho kilichowafanya baba kadhaa waone binti ni rahisi kubadilishwa na mifugo kuliko kulishwa. Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka miaka 18, hapana mlango wa nyuma. Wewe uliahidi hakuna nikaha ya mtoto itakayofungwa katika lokesheni yako. Kweli hazikufungwa kwako. Zilifungwa ng'ambo ya barabara, katika lokesheni ya jirani, nawe ulialikwa kama mgeni wa heshima.

Nilipokuletea habari za ushanga ulinijibu kwa upole kwamba hayo ni ya Wasamburu, wa Oldonyiro na kwingineko, si yetu. Morani anamvisha msichana mdogo wa ukoo wake ushanga shingoni na kuanzia hapo mwili wa mtoto ni wake, ingawa hamwoi na hawezi kumwoa. Mimba ikiingia, hiyo mimba haitakiwi na mtu, na wanawake wazee huitwa kuitoa kwa mikono. Nimewahi kuwapokea waliosalimika. Nilipokuja na habari za ukeketaji ukasema hayo ni ya Wasomali na baadhi ya Waborana. Msamburu naye akasema ya maslaha ni ya Waislamu, na Mmeru akatutazama sote akasonya. Uzuri wa mji wetu wa makabila mengi ni kwamba kila aibu ina mwenyewe, naye daima ni jirani.

Ila jirani mmoja huwa humtaji. Waturkana, tunaokunywa nao maji na kugombana nao kila mwaka, hawakeketi mabinti wao na hawajawahi. Mabinti hao wanaolewa, wanazaa, wanalipiwa mahari ya kutosha, na waume zao hawalalamiki zaidi ya waume wengine. Kwa hiyo ile hoja yako ya kwamba binti asiyekatwa hatapata mume ina majibu yake mtaa wa pili. Waweza kwenda kwa miguu.

Najua pia unaipenda Umoja, kile kijiji cha wanawake karibu na Archers Post, nusu saa hivi kwa lami kutoka mjini. Hukosi kuwapeleka wageni wa kutoka Nairobi, mkapiga picha na akina mama waliojaa ushanga. Ningependa siku moja uwasimulie wageni hao kilianzaje. Mwaka 1990 Rebecca Lolosoli na wenzake walijitenga wakajenga manyatta yao wenyewe, wengi wao wakiwa wamebakwa, kisha wakafukuzwa na waume zao kwa kosa la kubakwa. Wengine waliwataja askari wa Uingereza waliokuwa mazoezini. Wanajeshi wa Uingereza wakajichunguza wenyewe, wakajikuta hawana hatia. Kuna ufundi fulani wa kufanya hivyo ambao naona umeenea. Wanawake hao hawakukuomba ngamia. Waliomba mahali ambapo hapana kikao cha wanaume, na walipokosa, wakajenga.

Hata Wasamburu wazee, kwa heshima yao, waliapa pale Kisima mnamo Machi 2021, mbele ya Rais, kwamba ukeketaji na ndoa za watoto basi. Mwaka uliofuata utafiti ulikuta nusu ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika kaunti ya Samburu wameshapata mimba, kiwango cha juu kuliko kaunti zote, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 15. Siwacheki. Nataja tu kwa kuwa nasikia nawe unaandaa sherehe ya kiapo, na mahema yameshakodiwa.

Kuna jambo moja ambalo halimo katika sheria wala takwimu, nalo nalisema kwa kuwa nimezeeka. Katika kazi yangu nilikutana na wanawake, wengi, waliokuja kliniki kwa kichwa, kwa mgongo, kwa kukosa usingizi. Ukikaa nao mpaka chai ipoe, hatimaye mmoja anakwambia hapendi mumewe amguse. Anadhani ndivyo alivyoumbwa. Mume naye anadhani anachukiwa, anatafuta mke wa pili, au anapiga. Hakuna aliyewaunganishia siku ile ya kisimani na usiku huu wa ndoa, kwa sababu siku ile ilifungwa rasmi, ikalipiwa, na mtoto akaambiwa kuitaja tena ni kuvunja maslaha. Wewe ulifunga faili. Yeye alikwenda nalo kitandani. Ulipotupa nasaha za ndoa kwenye ile harusi kubwa ya mwaka jana, ukasema ndoa za siku hizi hazidumu kwa sababu ya simu na nguo za kubana, nilikuwa nimekaa nyuma nikiwahesabu wanawake ninaowajua. Muda wa hotuba yako haukunitosha kumaliza.

Wavulana siwasahau. Sheria inasema "mtoto", haikusema msichana, na wapo wavulana waliofanyiwa hayo katika mabweni na malishoni. Kwao hata kikao hakiitwi.

Basi ombi langu ni dogo, nawe umezoea makubwa. Baba akikujia usiku, mlango ukiwa wazi kama ulivyo, mpandishe bodaboda na binti yake waende hospitali kwanza, nguo zile zile zikiwa kwenye mfuko wa karatasi. Kisha dawati la jinsia la polisi. Mzee akitaka kikao, kiti chako kibaki kitupu. Nambari 116 ya watoto na 1195 ya ukatili zipo ukutani mwako, nyuma ya kalenda ya duka la vyakula vya mifugo. Kalenda hiyo ni ya mwaka juzi, yaweza kutolewa. Nakujulisha pia, kwa mapenzi tu, kwamba Sheria ya mwaka 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji inamhesabu kuwa mkosaji yeyote anayejua tendo hilo limefanyika au litafanyika asiripoti: kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Likizo ya Agosti iko karibu, na wewe hujui mambo machache.

Mwisho ni kuhusu kile kitabu chako cha jalada la kijani, unamoandika mapatano. Nakusifu kwa utunzaji. Majina ya pande mbili, idadi ya wanyama, alama za vidole gumba, tarehe, na chini yake muhuri wa ofisi ya chifu, wino wa zambarau, unaosomeka vizuri. Sidhani kama upelelezi wowote nchini umewahi kuandaliwa kwa unadhifu namna hiyo na mtu aliyekuwa akiuzuia. Nakuomba ukifikishe wewe mwenyewe kwa mkuu wa kituo kabla ya mwisho wa mwezi. Duka la kunakili lililo mkabala na ofisi yako, ambako karani wako hukipeleka kila mwisho wa mwaka, ni la mpwa wangu.

Nabaki mtiifu wako,

Muuguzi mstaafu, Isiolo

Nakala: Kamishna wa Kaunti, Mkuu wa Kituo cha Polisi, Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na Mama Chifu, aliyeniomba yake mwenyewe.